Mbwa Mwenye Bandeji

Inspekta alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mtoto aliyepotea, simu ya mtoto mkononi, viatu vikimbana vidole. Saa kama hizi alipaswa kuwa nyumbani kwake amelala. Zamu yake ilikwisha asubuhi, na alikuwa ameshafika mlangoni mwa kituo, mkoba begani, pale mama mmoja mwenye sare ya dobi wa hospitali alipoingia akilia bila sauti. Wanaopiga mayowe Inspekta aliweza kuwaachia wenzake bila kugeuka nyuma. Hawa wa kulia kimya hakuwahi kuwaweza. Akarudi, akaweka mkoba chini, akasema, "Kaa, mama, unieleze."

Maelezo yalikuwa mafupi. Binti ana miaka kumi na mitatu. Nyumbani wanamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipoota meno hajafunga mdomo, ingawa siku hizi, mama alisema, amekuwa mkimya mno. Asubuhi alivaa sare, akaaga, akatoka. Shuleni hakufika. Mama aliporudi kutoka zamu ya usiku alipita chumbani kutandika kitanda cha binti, akainua mto, akakuta simu. Chiriku na simu yake walikuwa chanda na pete. Namba ya siri mama aliijua, kwani ndiyo ilikuwa sharti la kununuliwa simu, basi akaifungua na kusoma ujumbe wa mwisho. Uliandikwa asubuhi ile ile: "Leo nakuja kukuchukua."

Sasa mchana ulikuwa umesimama, na Inspekta alikuwa ameyasoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Mtu huyo alijiita Rafiki wa Wanyama. Alianza kwa kusema ana mtoto wa mbwa aliyevunjika mguu, amemfunga bandeji, hajui ampe chakula gani. Chiriku, ambaye kwa maelezo ya mama yake alikuwa akilisha paka wote wa mtaa, alimjibu hapo hapo. Zikafuata sifa: una moyo mzuri, una akili kuliko wenzako. Kisha ikaja habari ya siri: haya yawe yetu wawili tu. Kisha akaomba picha. Hapo mtoto akasimama imara. "Mwalimu amesema tusitume picha kwa mtu tusiyemjua," aliandika, na baadaye akamzuia asiweze kumwandikia tena. Mtu yule akarudi kwa jina jingine. Safari hii alikuja na vitisho.

"Najua unapokaa. Jana ulivaa sweta ya kijani ya mama yako. Mikono mirefu."

Na chini yake: "Ukimwambia baba yako hatakuamini."

Inspekta alikuwa amesoma mazungumzo ya aina hii mengi kuliko magazeti. Yalimchosha kwa namna ambayo usingizi hauwezi kuitibu. Lakini haya yalikuwa na jambo lisilomkaa vizuri. Wanaowinda watoto huwa na papara, huyumba, hurukia matusi, hurudi wakilia. Huyu alikwenda hatua kwa hatua kama mtu anayepika kwa kusoma maelekezo ya pakiti. Na Chiriku alipomkatalia picha, alijibu neno moja tu: "Sawa." Inspekta hakuwahi kuona mmoja wao akisema sawa. Jambo jingine, mtu huyu alikuwa na vipindi vya kutoweka. Angeandika mfululizo, kisha katikati ya mchana kimya, wakati mwingine sentensi ikiwa imeachwa njiani, halafu anaibuka tena jioni.

Konstebo, dereva wake, aliingia akipangusa vumbi la saruji magotini. Alikuwa ametumwa kwenye ghorofa ambalo ujenzi wake haujakwisha, ng'ambo ya barabara.

"Nimepanda hadi juu, Afande. Ukikaa kule unaona tangi la maji la hawa watu na bati lao, basi. Dirisha hili halionekani hata ukining'inia."

"Na sebule?"

"Ukuta umeziba."

Inspekta akalitazama dirisha la chumba. Pazia zito, na nyuma yake wavu wenye vumbi la miezi mingi. Aliyeiona sweta ya kijani hakuiona kutokea nje.

Sebuleni mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi. Baba alikuwa amesimama. Alikuwa fundi wa majokofu, mrefu, mikono ikinuka mafuta ya mashine, na tangu Inspekta aingie nyumba ile hakuwa amekalia kitu chochote.

"Nilimpigia huyu tangu nilipoiona simu," mama alisema bila kumtazama mumewe. "Hapatikani, hapatikani, hapatikani. Mtoto anapotea, baba mtu hapatikani."

"Nilikuwa kwenye chumba cha baridi cha wauza nyama," fundi alisema. "Kuta chuma, mlango chuma. Mle mtandao hauingii hata kwa dawa. Nilipotoka tu nikaona simu zako, nikaja mbio."

"Fundi, nani unayemshuku?" Inspekta aliuliza.

Jibu lilikuja upesi mno. "Mwalimu wa kompyuta. Nani mwingine ana namba za watoto wote? Kila kukicha usalama mtandaoni, usalama mtandaoni. Nani anajua hila hizi kama si yeye anayezifundisha?"

"Umewahi kuona akimsumbua binti?"

"Sijaona. Nasema tu mkamwulize."

Mama alimgeukia. "Mwalimu yule? Si wewe uliyerudi kwenye semina yake unamsifia mpaka chakula kikapoa?"

"Mtu humjui mpaka yatokee," fundi alisema, akaenda kusimama dirishani.

Barua kwa kampuni ya simu ilikuwa imeshapelekwa, na Inspekta alijua jibu lake lingerudi likiwa na mvi. Askari wanne walikuwa stendi ya mabasi wakitazama kila mwanaume aliyeongozana na mtoto wa shule. Kumfuatilia Chiriku kwa simu yake haikuwezekana, maana simu yenyewe ilikuwa hapa. Chiriku hakuisahau; aliiacha makusudi. Inspekta alikuwa amemsikia mama akisema kwamba mwalimu aliwafundisha kuwa simu inaweza kumwonyesha mtu ulipo. Mtoto alifuata somo vizuri mno, na sasa hata polisi hawakuweza kumpata.

* * *

Chumba cha kompyuta kilikuwa na feni moja iliyozunguka na nyingine iliyojifanya hamnazo. Mashine zilikuwa zimefunikwa vitambaa. Mwalimu, kijana mwembamba mwenye miwani, alisimama kabla hawajamaliza kuingia.

"Afande, mmekuja kunikamata?"

"Ningekuja kukukamata nisingebisha hodi. Nani amekuambia?"

"Baba wa Chiriku alipiga simu kwa mkuu wa shule. Mkuu ameniambia nisitoke eneo la shule." Alitoa simu yake mfukoni kabla ya kuombwa, akaiweka mezani, akaisukuma. "Kagueni. Na hizi mashine zote kagueni. Sijala tangu asubuhi."

Konstebo aliichukua simu akakaa nayo pembeni. Inspekta alivuta kiti cha mwanafunzi, kifupi mno kwa magoti yake, akashukuru hata hicho. Akampa mwalimu simu ya Chiriku.

"Soma. Uniambie unaona nini."

Mwalimu alisoma. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta jina lake mwenyewe. Kisha akasita, akarudi juu, akasoma tena mistari ya kwanza.

"Huyu mbwa ni wangu," alisema.

Konstebo akainua kichwa.

"Una mbwa?" Inspekta aliuliza.

"Sina. Mimi nawaogopa mbwa. Namaanisha nilimtunga." Alivua miwani. "Mwezi uliopita niliwafanyia wazazi semina. Mfano nilioletewa na ofisi ya elimu ulikuwa wa mtu anayewapa watoto peremende. Peremende, Afande, zama hizi! Nikajua wazazi watasinzia. Nikakaa nyumbani nikatunga mbwa, nikamvunja mguu, nikamfunga bandeji. Nikaonyesha hatua zote: anaanza na huruma, anakuja na sifa, anadai siri, anaomba picha, akikataliwa anatisha. Ndizo hizi hizi. Hata hii." Akaweka kidole juu ya kioo. "'Baba yako hatakuamini.' Hii niliisema kwa sauti nzito, wazazi wakacheka."

"Watoto uliwapa mfano huo?"

"Hapana. Watoto wana somo lao. Wao nilitaka wajue la kufanya, sikutaka walale wakiota mbwa."

"Kwa hiyo aliyemjua mbwa huyu alikuwa kwenye semina."

"Lazima. Sikuandika popote, nilionyesha ukutani kwa projekta na nikafuta."

Inspekta alihisi uchovu ukimpanda kutoka miguuni, ule wa kuujua ukweli kabla ya kuutaka. "Baba wa Chiriku alikuja?"

"Alikaa mbele kabisa. Akina mama walijaa, akina baba walikuwa wa kuhesabu, na yeye ndiye aliyeuliza maswali kuliko wote. La mwisho lilinishinda. Aliuliza, 'Mwalimu, nitajuaje kama mwanangu akipata mtu wa namna hii ataniambia?'"

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia hakuna anayejua hilo mpaka siku yenyewe ifike." Mwalimu alivaa miwani yake tena, ikakaa upande. "Hakuridhika. Nilimwona hakuridhika."

Inspekta alisimama kwa kujisukuma kwa mikono. Alipofika mlangoni akakumbuka kuuliza. "Na hao watoto, uliwafundisha wafanye nini wakiogopa?"

"Wasifute ujumbe. Wamzuie mtu. Na kila mmoja achague mtu mzima mmoja, amjue kabisa kwamba huyu ndiye nitakayemwambia. Karibu darasa zima walichagua mama zao. Chiriku alisema baba yake. Wenzake walimcheka, akawaambia, 'Nyie hamumjui baba yangu.'"

* * *

Njiani, kwenye mataa ya pili, Konstebo alisimamisha gari, akageuka.

"Tuwaite wazazi wote waliohudhuria, Afande?"

"Wa nini? Nani ameiona sweta?"

Konstebo alifikiri. Taa ikawa kijani na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. "Na huko kutoweka mchana," alisema polepole. "Chumba cha baridi."

"Endesha, baba, utatupigisha faini."

Inspekta hakumwambia kwamba alikuwa na hasira. Mwindaji wa kweli, Inspekta angejua la kumfanya: pingu, faili, mahakama, akalale. Mtu kama huyu humfanyi kitu ambacho kitamfaa yeyote. Sheria ingemtafutia kosa na huenda ingelipata, na mtoto angebaki bila baba au na baba wa aina gani sijui. Lakini hayo yalikuwa ya kesho. Leo kulikuwa na mtoto aliyekimbia nyumba yake, jua linaelekea kupungua, na askari wanne stendi wakimtafuta mtu asiyekuwepo.

Nyumbani kwa akina Chiriku alimkuta fundi jikoni, amesimama mbele ya jokofu lililokuwa wazi, hatafuti kitu. Inspekta alilifunga.

"Nipe simu yako, fundi."

"Ya nini?"

"Na ile nyingine."

Hakubisha. Akainama kwenye sanduku lake la zana, akatoa chini ya koleo na spana simu ndogo iliyofungwa kitambaa. Aliiweka mezani taratibu, akaketi kwa mara ya kwanza siku ile.

"Sikumgusa mwanangu," alisema. "Afande, haki ya Mungu, nilitaka kujua tu kama ataniambia."

"Alikataa kukutumia picha. Ulikuwa umeshapata jibu. Mbona hukuacha?"

"Nilifurahi alipokataa! Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikasema huyo ndiye binti yangu. Lakini hakuniambia. Kila jioni mezani namuuliza, habari za shule? Nzuri. Kuna jambo? Hakuna. Mimi najua kuna jambo, yeye ananitazama usoni anasema hakuna. Nikaona labda halijamtisha vya kutosha. Nikaongeza."

"Ukamwandikia kwamba baba yake hatamwamini."

"Mwalimu alisema ndivyo wanavyosema."

"Na yeye akaamini, fundi. Alitishiwa na mtu anayejua kila kitu cha nyumba hii. Kwa nini asimwamini na hilo?"

Fundi alifunika uso kwa viganja vyake vyeusi.

"Ungesema asubuhi," Inspekta alisema. Alitaka kupaza sauti lakini hakuwa na nguvu ya kuipaza. "Ulipofika ukamkuta mkeo analia, ungefungua mdomo. Badala yake ukamtupia mwalimu wa watu. Mimi nimepoteza mchana mzima."

"Ningesemaje mbele ya mama yake?"

"Umeshasema," mama alijibu.

Alikuwa mlangoni, bado katika sare ya udobi. Hakupiga kelele wala hakumsogelea mumewe. Alimtazama Inspekta peke yake. "Mimi nabaki hapa, asije akarudi akakuta nyumba tupu. Niletee mwanangu."

Inspekta aliegemea meza akafunga macho kidogo. Mtoto ana mtu mmoja aliyemchagua. Ana jambo ambalo limemzidi kimo. Nyumbani hawezi kusema, maana yule mtu anaona mpaka sweta. Simu ameiacha ili asifuatwe.

"Fundi, karakana yako iko wapi?"

"Nyuma ya soko la mbao. Lakini leo sikufungua. Nilikwenda moja kwa moja kwa wauza nyama."

"Chiriku alijua?"

Fundi alikuwa ameshasimama.

* * *

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kufuli likining'inia. Nyuma yake kulikuwa na uwanja uliojaa majokofu mabovu, mengine yamelala, mengine yamesimama yakiegemeana. Inspekta aliyaona akasimama, kwa kuwa alishawahi kufungua jokofu la namna hiyo katika kesi nyingine, akakuta mtoto ndani. Fundi aliona alikotazama.

"Milango yote niliing'oa," alisema. "Kwa ajili yake. Alipokuwa mdogo alikuwa hachoki kujificha."

Inspekta alipitisha macho kwenye majokofu yote. Ni kweli, hakukuwa na mlango hata mmoja.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kreti nyuma ya jokofu la mwisho, begi la shule limekumbatiwa kifuani, midomo imekauka. Alipomwona baba yake aliruka, begi likaanguka, akamshika kiunoni kwa nguvu zote.

"Baba! Nimekungoja tangu asubuhi. Nikasema utakuja tu. Ulikuwa wapi?"

"Nipo, mwanangu. Nipo."

Kisha akamwona Inspekta na Konstebo, wote wawili wenye nguo za kiraia, na hata katika hali ile adabu haikumtoka. "Shikamooni."

"Marahaba," Inspekta alisema. "Ni polisi sisi, usiogope. Ongea na baba yako kwanza. Sisi tunasubiri."

Mtoto alivuta pumzi. Ilionekana maneno alikuwa ameyapanga mchana kutwa. "Baba, nina jambo, ila usinikasirikie. Kuna mtu ananiandikia. Nilimjibu mwenyewe, kosa langu, kwa sababu ya mbwa. Lakini picha sikutuma, hata moja. Nikamzuia akarudi. Anaona ndani ya nyumba yetu, baba, sijui anaonaje. Sikutaka kukwambia nyumbani asije akakudhuru na wewe. Ndiyo nikaja huku."

Alisema yote bila kusita, kwa ile kasi yake ya zamani ambayo mama yake aliisimulia. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la kutu ili uso wake ulingane na wa binti yake, mikono ya mtoto sasa ikiwa shingoni mwake. Hii ndiyo sentensi aliyoisubiri mezani jioni zote zile, na sasa ilipokuja hakujua aiweke wapi. Alimtazama Inspekta kwa macho ya kuomba.

Inspekta alitikisa kichwa. "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi itakuwa mbaya zaidi."

"Chiriku," fundi alisema. "Yule mtu ni mimi."

Mtoto alicheka kidogo, kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa utani. Kisha akamtazama vizuri na kicheko kikaisha.

"Nilitaka nione kama utaniambia," fundi alisema. "Nilitaka uwe salama. Basi. Hakuna mtu mwingine. Hakuna anayekuja."

"Ni wewe tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Chiriku alihesabu jambo kichwani. "Hata ile siku nilipotapika? Ukanishika kichwa, ukaniambia ni chakula tu?"

Fundi aliinamisha macho. "Hata siku ile."

Mtoto aliitoa mikono yake shingoni mwa baba yake, mmoja, kisha wa pili. Hakulia. Aliokota begi lake, akalivaa mabegani mote mawili, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kumgeuzia mtu yeyote mgongo, mpaka akawa mbali sawa na wote watatu. Konstebo alitaka kumsogelea. Inspekta akamzuia kwa mkono.

"Twende nyumbani, mwanangu," Inspekta alisema. "Mama anakungoja. Gari liko pale nje."

Chiriku alimkagua kuanzia viatu hadi kichwa.

"Na wewe," aliuliza, "ni polisi kweli?"

Inspekta alitoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya jokofu lililokuwa kati yao, akasogea pembeni. Mtoto alikichukua. Aliitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama picha tena. Alisoma upande wa mbele wote, akakigeuza, akaanza kusoma upande wa nyuma.